Kioo cha mizani kimtazame mkulima

MSIMU mmoja wa ununuzi wa pamba, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bunda, mwandishi wa safu hii alisimama kwenye foleni ya wauzaji kwa zaidi ya saa moja. Hakuwa na pamba ya kuuza. Alikuwa anatazama mizani.

Ilikuwa mizani mpya ya umeme, ile inayoonyesha namba kwenye kioo kidogo. Watu waliisifu kwamba haina longolongo kama ya zamani. Tatizo ni kwamba kioo kile kilielekea upande mmoja tu, upande aliokaa karani. Mkulima alisimama upande wa pili, mkono mmoja ukiwa juu ya mzigo wake, akitazama mgongo wa mashine.

"Ngapi, mwanangu?" mzee mmoja akauliza.

"Arobaini na mbili, mzee."

"Haya. Wewe ndiye unayeona."

Hatusemi kwamba karani yule alidanganya. Inawezekana kabisa kuwa kilo zilikuwa 42 kamili. Tunachosema ni kwamba mzee yule hakuwa na njia ya kujua, na aliondoka na fedha zake pamoja na shaka yake. Mashine iliyonunuliwa kwa gharama ili kuondoa mashaka kati ya mkulima na mnunuzi iliyaacha mashaka pale pale yalipokuwa.

Dawa yake ilikuwa nini? Kioo cha pili upande wa mkulima. Au, kwa mwenye haraka, kuigeuza meza ubavu ili wote wawili waone. Hakuna aliyelifikiria hilo kwa sababu aliyeisanifu mashine hakuwahi kupanga foleni ya pamba, na aliyewahi kupanga foleni hiyo hakuulizwa.

Huenda msomaji akaona kwamba hili ni jambo dogo. Sisi tunaona ni mfano wa jambo kubwa linalowagharimu wakulima na wafanyabiashara wadogo wa mkoa wa Mara kila msimu, na ambalo lina elimu yake kamili.

Elimu ya mtu na mashine

Katika vyuo vikuu ipo taaluma inayochunguza namna watu na kompyuta wanavyoelewana, au wanavyoshindwa kuelewana. Wataalamu huiita taaluma ya mwingiliano wa binadamu na kompyuta, na huenda sambamba na taaluma ya usanifu wa vifaa na programu.

Kompyuta inayozungumziwa hapa si ile ya mezani pekee. Simu ya kitochi ni kompyuta. Mashine ya kutolea fedha benki ni kompyuta. Mita ya LUKU ni kompyuta, na kila aliyewahi kuingiza tarakimu zake 20 gizani, akakosea moja na kuanza upya, amekutana na swali la taaluma hii bila kujua jina lake.

Bara letu halijaachwa nyuma kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa taaluma hii walifanya mkutano wao wa kwanza wa Afrika nzima jijini Nairobi, na mwaka 2018 wakakutana tena Windhoek, Namibia. Vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Dodoma na Morogoro, pamoja na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, vina wasomi wa kompyuta wanaoweza kufundisha somo hili.

Sasa mkoa wa Mara nao una chuo chake. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimewekwa Butiama, alikozaliwa Mwalimu mwaka 1922 na anakopumzika tangu Oktoba 1999. Chuo hicho ni miongoni mwa taasisi zinazonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kwa jina la HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 za Marekani ulioidhinishwa mwaka 2021. Ni mkopo. Maana yake ni kwamba muuza dagaa wa Musoma na mkulima wa mihogo wa Kiabakari watashiriki kuulipa.

Kwa hiyo wana haki ya kusema wanataka chuo hicho kifanye nini. Pendekezo letu ni hili: miongoni mwa vikundi vya utafiti vitakavyoundwa Butiama, kimoja kiwe cha usanifu na mwingiliano wa watu na kompyuta katika kilimo, uvuvi na biashara ndogo. Na kiendeshwe kwa namna ambayo mkulima ataitambua kuwa ni yake.

Tatizo si ujinga wa mtumiaji

Tuanze na kosa linalofanywa mara nyingi. Mfumo mpya unapoletwa kijijini na watu wakashindwa kuutumia, husemwa kwamba wananchi hawana elimu, kwa hiyo waelimishwe. Semina huitishwa, posho hulipwa, na msimu unaofuata hali ni ile ile.

Mtafiti wa Kimarekani, Lucy Suchman, alilipima jambo hili miaka ya 1980 akiwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California. Kampuni ilikuwa imetoa mashine ya kudurufu iliyosifiwa kwamba ni rahisi mno kuitumia, lakini wateja walilalamika kuwa inawashinda. Suchman akaipeleka ndani ya kituo chenyewe, akawapiga picha za video wanasayansi mahiri wa kompyuta wakijaribu kudurufu karatasi. Nao wakahangaika vile vile.

Baada ya kuona picha zile, hakuna aliyeweza tena kusema kuwa tatizo ni wateja kukosa elimu. Mashine ilikuwa inadhani mtu yuko hatua moja, kumbe mtu yuko hatua nyingine, na hapakuwa na njia ya wawili hao kusahihishana.

Msomaji aliyewahi kubonyeza menyu ya simu akielekea kwenye bei ya mtama, mara ikamkatikia kabla hajamaliza kusoma, anaelewa fika. Menyu ilidhani yeye ni msomaji wa haraka. Yeye alikuwa amesimama juani, macho yake ni ya miaka 60, na kioo cha simu kina mikwaruzo.

Mfano mwingine ni alama za vidole. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini Mei 2019, na ukomo wake ukawa Januari 20, 2020. Ni hatua iliyokuwa na sababu zake. Lakini wataalamu wa vifaa hivyo wanajua kuwa kidole kilichosuguliwa na mpini wa jembe au kamba ya nyavu kwa miaka 30 ni kigumu kusomeka kuliko kidole cha karani. Katika mkoa wa wakulima na wavuvi, kifaa kinapaswa kujaribiwa kwanza kwa vidole vya wakulima na wavuvi.

Yaliyofanikiwa yalisikiliza

Mifano ya mafanikio ipo, tena ya hapa hapa Afrika Mashariki.

Oktoba 2005 kampuni ya Safaricom ya Kenya, ikishirikiana na Vodafone ya Uingereza, ilianza majaribio ya huduma ya fedha kwa simu na wateja wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo. Wateja wakaanza kufanya mambo ambayo hayakuwamo kwenye mpango: kutumiana fedha, kununua muda wa maongezi kwa ajili ya ndugu walio mbali, kuweka fedha kabla ya safari na kuzitoa wanapofika ili zisiibwe njiani.

Waendeshaji wangeweza kusema kuwa hao wanatumia mfumo vibaya. Badala yake waliangalia, wakauliza, wakasanifu upya. Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa rasmi, kazi yake kuu ilikuwa ile waliyoigundua wateja: kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom iliileta Tanzania. Leo muuza dagaa wa Mwigobero anapokea fedha kutoka kwa mteja wa mbali bila kupanda basi, na sehemu ya shukrani ni ya wale wateja wa kwanza waliokataa kutumia mfumo kama walivyoelekezwa.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa sababu mihogo ndiyo ghala la kaya nyingi za Mara. Ugali wa udaga uliochanganywa na mtama haukosekani Butiama wala Musoma Vijijini, na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yanapoingia shambani, njaa huwa haiko mbali.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki walitengeneza programu ya simu iitwayo Nuru. Walitumia picha za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani hapa Tanzania kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa hayo. Mtu anaelekeza kamera ya simu kwenye jani, na programu inamwambia inachokiona. Inafanya kazi bila intaneti, jambo la maana sana kwa shamba lisilo na mtandao.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliipima shambani. Ilipoangalia jani moja tu, Nuru ilipatia kwa asilimia 65. Maofisa ugani walipatia kwa asilimia kati ya 40 na 58, na wakulima kati ya 18 na 31. Lakini jambo lenye somo kubwa ni lililofuata. Mtumiaji alipotakiwa kuonyesha majani sita ya mmea mmoja badala ya moja, usahihi ulipanda hadi kati ya asilimia 74 na 88.

Simu ni ile ile, mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni utaratibu kati ya mtu na mashine: nani aonyeshe nini, mara ngapi. Hiyo ndiyo kazi ya kikundi tunachokipendekeza. Kwa mkulima, tofauti hiyo ni kung'oa mmea mgonjwa mapema au kupanda mbegu yenye ugonjwa kwenye ekari nzima.

Mfano wa tatu ni wa Chambezi, Bagamoyo. Mwaka 2011 kikundi cha wakulima kilianza kutumia simu za kisasa mbili kwa zamu, kikipiga picha na kurekodi sauti kuhusu mabadiliko ya tabianchi mashambani. Mradi uliitwa Sauti ya Wakulima. Wakulima hawakuishia kwenye hali ya hewa. Walianza kuwahoji wakulima wenzao kuhusu mbinu, mazao na masoko. Kwa mara nyingine, mtumiaji alijua kazi ya kifaa kuliko aliyekileta.

Tusisahau pia kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kupitia mradi wa Kilinux kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, Desemba 2004. Ilithibitisha kwamba kompyuta inaweza kuzungumza lugha yetu. Swali lililobaki ni kama inaweza kuzungumza maisha yetu.

Kikundi kiendeshwe vipi

Tunajua vikundi vya utafiti huanzishwa kwa ufunguzi wenye fulana na kofia, kisha hufa kimya kimya mfadhili anapoondoka. Ndiyo maana tunataja mambo sita ya uendeshaji.

Kwanza, wajumbe. Mhadhiri mmoja wa kompyuta na mmoja wa uchumi kilimo wanatosha kuongoza. Wawepo wanafunzi wachache wa shahada za juu. Lakini wawepo pia wajumbe wa kudumu wasio wa chuo: bibi shamba au bwana shamba mmoja, fundi simu mmoja wa mjini Musoma, mwakilishi wa chama cha ushirika cha pamba kutoka Bunda, na mama mmoja wa biashara ya dagaa. Fundi simu tunamtaja makusudi. Ndiye anayejua ni kitufe gani huharibika kwanza na ni programu gani watu huomba zifutwe kwa sababu zinamaliza bando.

Wazo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 msomi wa Norway, Kristen Nygaard, mmoja wa waasisi wa lugha ya kompyuta ya Simula, alifanya utafiti pamoja na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wafanyakazi waielewe mitambo iliyokuwa inaletwa viwandani na wawe na kauli juu yake. Nchi za Skandinavia zilijenga juu ya msingi huo shule nzima ya usanifu shirikishi. Kama fundi chuma wa Oslo aliweza kuketi meza moja na profesa, mvuvi wa Majita naye anaweza.

Pili, mahali pa kazi. Ofisi ya kikundi iwe Butiama, lakini kazi ifanyike kituo cha kununulia pamba, mwaloni, gulioni na duka la pembejeo. Mwanafunzi asiruhusiwe kuandika hata mstari mmoja wa programu kabla hajakaa siku kadhaa akitazama kazi inavyofanyika. Akikaa Mwigobero alfajiri atajua kuwa mikono ya mwanamke anayepima dagaa imelowa na ina magamba, kwa hiyo simu ya kupapasa haimfai wakati ule. Atajua pia kuwa mvua ikinyesha na dagaa wako uwanjani, taarifa iliyochelewa saa mbili ni sawa na taarifa ambayo haikuja.

Tatu, lugha. Menyu ziwe za Kiswahili chepesi, si kile cha kutafsiri neno kwa neno. Lakini mahojiano na majaribio yafanyike pia kwa Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu na lugha nyingine za mkoa, hasa kwa wazee. Na kwa wasiosoma, sauti itangulie maandishi. Simu ya kitochi inaweza kuzungumza kama ilivyo redio.

Nne, majaribio yaanze kwa karatasi. Kioo cha simu kinaweza kuchorwa kwenye karatasi ya manila na mtu akaombwa aonyeshe kwa kidole angebonyeza wapi. Akipotea, karatasi inachanwa na nyingine inachorwa, gharama yake ni shilingi chache. Jakob Nielsen, mtaalamu mzaliwa wa Denmark, ameeleza kuwa watu watano tu wakijaribu kifaa, sehemu kubwa ya kasoro zake hujitokeza. Angalizo letu ni kwamba watano hao wawe wa aina moja. Wakulima wanaosoma wana watano wao, wasiosoma wana watano wao, na wafanyabiashara wana watano wao.

Tano, muda wa mkulima ulipwe. Hapa tunaomba msomaji atoe kalamu, kwa kuwa wengi hudhani utafiti wa namna hii ni anasa. Tuchukulie watu 15, yaani watano watano katika makundi matatu, wanajaribu mfumo mara tatu, na kila mmoja analipwa shilingi 10,000 kwa siku yake. Jumla ni shilingi 450,000.

Sasa tuchukulie mfumo huo huo umepelekwa wilaya nzima bila kujaribiwa, na una kasoro moja inayowalazimu wakulima 2,000 kurudi mjini mara ya pili. Kama nauli ya bodaboda ni shilingi 3,000 kwenda na kurudi, wakulima watakuwa wamepoteza shilingi milioni sita, mbali na siku ya palizi iliyopotea. Hesabu hii ni ya mfano, kila mtu aweke nauli ya kijijini kwake. Lakini jibu halitabadilika: kasoro isiyolipiwa chuoni kwa malaki italipiwa vijijini kwa mamilioni. Tofauti ni kwamba malaki yanaonekana kwenye bajeti, na mamilioni yale hayaandikwi popote.

Sita, taarifa na matokeo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa kila mtu haki juu ya taarifa zake. Kikundi kiwe cha kwanza kuiheshimu. Mkulima aelezwe kwa lugha yake picha ya shamba lake inakwenda wapi, nani ataiona, na anaweza vipi kuiondoa. Kibali cha utafiti kitafutwe kwa njia halali, mtendaji wa kijiji ajulishwe, na kila utafiti ukiisha, matokeo yarudi kwenye mkutano wa kijiji kabla hayajakwenda kwenye mkutano wa ng'ambo.

Aidha, mafanikio yasipimwe kwa idadi ya watu waliopakua programu. Yapimwe kwa saa zilizookolewa, safari zilizopungua, na mabishano yaliyokwisha kwenye mizani.

Majibu kwa wenye shaka

Wapo watakaouliza: kwa nini tuhangaike na vioo vya simu wakati mkulima hana plau, hana maji na hana mbolea?

Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba siku hizi mbolea yenyewe inapitia kwenye simu. Mpango wa mbolea ya ruzuku uliozinduliwa Mbeya Agosti 8, 2022 unamtaka mkulima asajiliwe na atambuliwe kwa mfumo wa kidijitali ndipo auziwe kwa bei nafuu. Fedha za mazao mengi nazo hupitia benki au simu. Mfumo umekuwa mlango wa ghala. Ukiwa mwembamba, mwenye mwili mkubwa atabaki nje hata kama ghala limejaa.

Wengine watasema mkulima ana watoto waliosoma, wamsaidie. Wanasaidia, tunawashukuru. Lakini mzazi anayempa mtoto namba yake ya siri ili amsomee salio amekabidhi pochi yake. Wapo walioibiwa na wajukuu, na wapo walioibiwa na jirani mwema wa kwenye kibanda cha wakala. Mfumo unaomlazimisha mtu kutoa siri yake ili autumie una kasoro katika usanifu, na aliyeibiwa asilaumiwe peke yake.

Wapo pia watakaosema makampuni ya simu yatafanya kazi hiyo. Kampuni itasanifu vizuri pale ambapo kuna faida ya haraka, na hatuilaumu kwa hilo. Lakini mama mwenye robo ekari ya mihogo si soko kubwa kwa mtu yeyote. Chuo cha umma kipo kwa ajili yake.

Na hata vifaa visivyo na umeme vina somo hili. Serikali ilianzisha CAMARTEC huko Arusha mwaka 1981 ili zana za kilimo zibuniwe na kupimwa kwa mazingira yetu. Kila mwenye plau ya ng'ombe anajua kuwa zana nzuri ni ile inayozingatia urefu wa anayeishika, nguvu za ng'ombe wake na ugumu wa udongo wake. Busara hiyo ya plau ndiyo tunayoomba ihamie kwenye simu na mizani.

Nani afanye nini

Uongozi wa chuo uanze na kidogo. Hauhitaji jengo jipya kwa kazi hii. Unahitaji chumba kimoja, pikipiki mbili, karatasi za manila za kutosha, na fungu dogo la kudumu ambalo halitegemei mfadhili mmoja.

Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziweke sharti moja kwenye zabuni na mikataba yake: hakuna mfumo au kifaa kitakachopelekwa kwa wakulima kabla hakijajaribiwa mbele yao, na taarifa ya majaribio ikabandikwa ubaoni kama zinavyobandikwa mapato na matumizi ya kijiji.

Vyama vya ushirika na wanunuzi wa pamba na mtama wasisubiri utafiti wowote. Msimu ujao waiweke mizani mahali ambapo muuzaji na karani wote wanaona namba. Hilo halina gharama, na mnunuzi mwaminifu ndiye atakayefaidika zaidi, maana uaminifu wake utaonekana.

Nanyi wakulima na wafanyabiashara wadogo mna kazi yenu. Mfumo ukikushinda, usirudi nyumbani ukijilaumu kwamba wewe si msomi. Andika, au mwambie mwanao aandike: ulibonyeza nini, kikajibu nini, ukakwama wapi. Peleka kwa bwana shamba, kwa diwani, na chuo kikishafungua kikundi hicho, peleka Butiama. Mtafiti wa kweli atafurahia karatasi hiyo kuliko zawadi ya jogoo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wasanifu wetu wametuletea vitanda vingi ambavyo hawajavilalia. Wakati umefika waje walale huku kwetu, angalau msimu mmoja.

Tunamkumbuka yule mzee wa Bunda na kilo zake 42. Hakuomba programu wala semina. Alikuwa na haki ndogo tu ya kuona namba ya jasho lake kwa macho yake mwenyewe. Chuo chenye jina la Mwalimu, kilichojengwa katika kijiji cha Mwalimu, kikianza kwa kuigeuza mizani ile, kitakuwa kimeanza vizuri.